Kizibao Kilichokaa Sandukuni

Mwaka jana, masika yalipokatika na barabara kukauka, mimi na mume wangu tulifunga safari ya siku nne kutoka Morogoro mjini kwenda Kilosa, na kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Kijana wa shemeji yangu, yaani kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa anaoa. Kijana huyo anaishi Mikumi na kazi yake ni kuendesha gari la kutembeza watalii. Sisi tulipewa jukumu dogo tu: kumpitia mama mkwe wangu nyumbani kwake Kilosa na kumfikisha harusini salama, maana amevuka miaka themanini na macho yake yalikuwa hayamsaidii tena.

Sikujua kwamba katika safari hiyo ningefundishwa jambo na vazi moja la kiume, lile dogo kuliko yote katika suti, lisilo na mikono wala kola. Nazungumzia kizibao.

Njia ya Kilosa

Ukitoka Morogoro unashika barabara ya Dodoma mpaka Dumila, halafu unakata kushoto. Kuanzia hapo milima ya Ukaguru inakusindikiza upande wa kulia, na mbele yako kuna tambarare pana. Utaona mashamba ya mahindi na mpunga, na ukifika maeneo ya Rudewa utaona pia mkonge, mistari kwa mistari. Zamani mkonge ndio uliokuwa utajiri wa wilaya hii. Katika mashamba ya Kilosa na Kimamba walikaa mabwana shamba Wagiriki, Wajerumani na Waingereza, na maelfu ya watu walikuja kutoka mikoa ya mbali kukata majani yale yenye miiba. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na bei ya mkonge duniani ilikuwa imekwisha kuanguka kwa sababu ya kamba za nailoni. Nyumba kubwa za mabwana zilibaki, nyingine bila mapaa.

Kilosa wenyewe ni mji wa reli. Reli ya Kati ilipita hapa wakati wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mji ukakua kando yake. Mwaka 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma nayo ilianza kupita Kilosa. Lakini watu wa hapa ukiwauliza habari za mji wao, hawataanza na reli. Wataanza na mto Mkondoa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huo ulivunja kingo, ukabeba nyumba na kung'oa reli, na maelfu ya watu wakalala kwenye mahema. Mimi nilikuwa muuguzi kijana wakati huo, nikaja na kundi la kanisani kusaidia akina mama waliojifungulia kambini. Nakumbuka matope, kuhara kwa watoto, na watoaji huduma waliovaa vizibao vyenye alama ili watu wajue ni nani wa kumwendea.

Katika mafuriko yale mama mkwe wangu aliokoa vitu vitatu: Biblia yake, sufuria kubwa ya shughuli, na sanduku la bati.

Lililokuwamo sandukuni

Jioni ya kwanza, baada ya chakula, mama aliomba sanduku lile lisogezwe. Alilifungua mwenyewe, akatia mkono chini ya kanga zilizokunjwa, akapapasa, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Hakuhitaji kuona. Vidole vyake vilifuata nakshi za uzi mweusi mbele ya kifua, vikahesabu vifungo vya shaba, vitano, akatabasamu.

"Hiki ni cha baba yenu," alisema. "Nataka kijana akione kabla hajaoa."

Ndani ya kile kizibao ilikuwamo picha. Mwanamume mrefu amesimama kwenye ngazi za nyumba ya mawe. Amevaa kanzu nyeupe, kofia nyekundu ya tarbushi, na kizibao hicho hicho. Mikono ameiweka nyuma. Pembeni ameketi mwanamke wa Kizungu na mbwa.

Mume wangu aliitazama kwa muda mrefu, maana hakuwahi kuiona. Mke wa shemeji, ambaye alikuwa amekuja kutoka Mikumi ili tusafiri pamoja, aliitazama mara moja tu akaigeuza chini.

"Mama, nakuomba," alisema kwa adabu, "hii tusiende nayo. Wakwe tumewaambia mzee alikuwa karani wa shamba."

Msomaji mpenzi, ukimya uliofuata siwezi kuusimulia. Mama alikikunja kizibao taratibu, akakirudisha kwenye kitambaa chake, lakini hakukirudisha sandukuni. Alikilaza mapajani.

Vazi lililopanda na kushuka

Usiku ule sikupata usingizi haraka. Nilijiuliza, je, kipande cha nguo kinawezaje kumtia mtu aibu, hali bwana harusi mwenyewe alikuwa ameagiza kizibao kwa fundi, na marafiki zake sita vivyo hivyo?

Ukichunguza utaona kizibao kimepanda na kushuka kuliko vazi lolote. Kwa Waingereza habari yake ina mwaka kamili. Mwezi Oktoba 1666, majuma machache baada ya moto mkubwa kuteketeza London, mfalme Charles wa Pili alitangaza kwamba ataanza kuvaa vazi jipya la namna hiyo, lililofuata mtindo wa Uajemi. Mwandishi Samuel Pepys, aliyeandika shajara ya siku zile, anasema kusudi lilikuwa kuwafundisha wakubwa kubana matumizi. Basi cheka nami, mama mwenzangu: vazi lilianza ili kufundisha watu kuweka akiba, na haukupita muda mrefu wakubwa hao hao wakaanza kulitia hariri na nyuzi za dhahabu!

Baadaye kizibao kikawa mahali pa kutunzia saa. Mabwana wa reli na wa ofisini walitia saa katika mfuko mdogo wa kifuani, mnyororo ukaning'inia. Saa za mkononi zilienea kwa wanaume baada ya vita ya 1914 hadi 1918, na mfuko ule ukabaki bila kazi. Sisi wauguzi ndio tuliobaki na desturi hiyo. Saa yangu mpaka leo naibana kifuani, kichwa chini, ili nihesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa huku mikono yangu ikiwa huru na safi.

Huku kwetu pwani, kizibao kilikuwa vazi la waungwana. Mwanamume alivaa kanzu, juu yake akavaa kizibao kilichodariziwa, akamalizia na kofia. Mtumwa hakuruhusiwa kujifananisha na bwana wake. Yeye alikwenda kichwa wazi na kitambaa kiunoni. Ndiyo sababu utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, wengi waliokuwa watumwa walijivika kanzu na kofia. Kwao nguo hiyo ilikuwa tangazo: mimi sasa ni mtu kama wewe.

Ndipo wakoloni wakafanya jambo la ajabu. Waliichukua nguo ile ile ya muungwana wakamvika mtumishi wa mezani. Kanzu nyeupe, tarbushi, na kizibao chenye nakshi au mshipi wa rangi kiunoni, vikawa sare ya boi. Na neno "boi" maana yake ni mtoto wa kiume. Mtu mwenye mke, watoto, hata wajukuu, aliitwa kwa neno hilo na mtoto wa bwana wake aliyekuwa bado hajaota meno yote. Kizibao hakikubadilika hata kidogo, ila kilimkuta mtu mwingine mahali pengine, basi kikabeba maana nyingine.

Baada ya Uhuru kizibao kilikaribia kutoweka mijini. Miaka ya Ujamaa viongozi na watumishi wa serikali waliacha koti na tai wakavaa suti nyepesi zilizoitwa za Chou En-lai, jina la waziri mkuu wa China aliyetutembelea Juni 1965, au Kaunda suti. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ilimwagika, na ndani ya marobota vizibao vikarudi. Kwanza wakavaa wanakwaya, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa ni vazi la kitambaa kidogo ambalo akina mama wanaweza kushona wenyewe. Leo bwana harusi bila suti ya vipande vitatu huonekana kama hajakamilika.

Jicho lenye moshi

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilimwosha mama uso. Nilimgeuza kwenye mwanga wa mlango, nikaona kile nilichokuwa nakidhania. Mboni za macho yote mawili zilikuwa na weupe kama maziwa.

"Unaona nini, mama?"

"Moshi, mwanangu. Tangu mwaka juzi naona moshi. Ni uzee."

Haukuwa uzee tu. Ulikuwa mtoto wa jicho. Akina mama, shikeni neno hili: mtoto wa jicho hautibiwi kwa matone wala kwa dawa za majani, na majani mengine huharibu jicho moja kwa moja. Unatibiwa kwa upasuaji mfupi. Daktari huiondoa lenzi iliyoingia ukungu, akaweka nyingine ya bandia, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Mzee anayesema "naona moshi" mpelekeni akapimwe. Msimwache akae kivulini akingojea giza.

Nilimweleza mume wangu. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba jambo hilo lilikwisha kuzungumzwa na ndugu, wakakubaliana lingojee "baada ya harusi". Mfuko wa familia ulikuwa umekwisha. Sehemu yake nzuri ilikuwa kwa fundi mmoja wa Mikumi, kwenye suti ya bwana harusi na vizibao sita vya wapambe wake, vyote vya kitambaa cha kung'aa, vyenye bitana ya hariri.

Kupitia Ulaya

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi njia inashuka kusini, karibu na reli ndogo iendayo Kidatu. Inapita vijiji vya Wasagara na Wavidunda, na katikati ya safari iko sehemu inayoitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya! Watu wa hapo hutaniwa kila siku kwamba hawahitaji pasipoti. Tulisimama tukanunua ndizi. Mama alikaa ndani ya gari na kifurushi chake mapajani.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Ulaya, mama."

"Basi nimekirudisha kwao," alisema, akakipigapiga kizibao. Sote tulicheka, hata mke wa shemeji.

Pale njiani kijana wa bodaboda alisimama kando yetu. Juu ya fulana yake alivaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, kile wanachokiita reflekta. Nikaanza kuhesabu. Mafundi wa barabara, vijana wa kuegesha magari, wahudumu wa kampeni za chanjo. Kumbe nguo ile haikurudi harusini tu, imerudi kazini. Mikono huru, kifua kinatangaza, "Mimi niko hapa, niite."

Jioni Mikumi

Mji wa Mikumi umekaa kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na malori hayalali. Jina linatokana na mikumi, miti mirefu ya jamii ya minazi. Hifadhi ya Taifa iliyopakana na mji ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inaikata kwa karibu kilometa hamsini, hata abiria wa basi la kawaida wanaweza kuona twiga, pundamilia na tembo bila kulipa kiingilio. Wageni wanaolala hapa wamewapa vijana wengi ajira: udereva, upishi, kutandika vitanda, kuhudumia meza.

Bwana harusi alifika magharibi, akiwa ametoka moja kwa moja kazini. Alipiga magoti mbele ya bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sogea nikuone."

Kuona kwake kulikuwa ni kugusa. Alimpapasa uso, mabega, kisha kifua. Vidole vikakuta kitambaa kigumu, mifuko mingi, zipu. Akasimamisha mkono.

"Nawe umevaa kizibao?"

"Hiki ni cha kazi tu, bibi," alisema kijana akicheka. "Ndiyo sare ya kuwatembeza wageni."

"Hata cha babu yako kilikuwa cha kazi."

Akafungua kifurushi. Nilimwona mke wa shemeji akiinuka, kisha akaketi tena. Mama alisimulia yote bila kupandisha sauti. Kwamba mumewe hakuwa karani wa shamba. Alikuwa boi katika nyumba ya bwana shamba huko Kimamba, tangu kabla ya Uhuru. Kwamba aliamka saa kumi usiku kuwasha moto, alikula amesimama, na hakuwahi kuitwa jina lake ndani ya nyumba ile. Kwamba kila mwisho wa mwezi alileta mshahara wake wote nyumbani, na mshahara huo ulinunua kiwanja na mabati na kumpeleka mtoto wa kwanza shule.

"Alipotoka kazini alikifua kizibao hiki mwenyewe," alisema. "Mimi hakuniruhusu. Alisema, matusi yao nitayafua mimi."

Kijana hakusema kitu. Shemeji yangu, ambaye ndiye mtoto yule wa kwanza, alitoka nje.

Neno kwa wakati wake

Nakiri, wasomaji, niliogopa kusema la macho. Mke aliyeolewa katika ukoo hupima maneno yake mbele ya wakwe. Lakini asubuhi kijana mwenyewe alinifuata nilikokuwa nachambua mchele.

"Mama mdogo, macho ya bibi yanatibika?"

"Yanatibika."

"Nani alisema yangojee?"

Sikumjibu. Nilimweleza tu ugonjwa ni nini na matibabu ni nini. Alikwenda kwa baba yake, kisha wakaenda wote wawili kwa fundi. Vitambaa vya wapambe vilikuwa bado havijakatwa, na fundi, Mungu ambariki, alikubali kuvirudisha dukani. Wapambe walipanda kanisani na mashati meupe na tai walizokuwa nazo. Bwana harusi peke yake alivaa kizibao. Cha babu kilikuwa kimeliwa na mende begani, hakivaliki, basi fundi alitoa vile vifungo vitano vya shaba akavishona kwenye kipya.

Sisemi kwamba mambo yote yalikwenda kama asali. Mke wa shemeji hakunisemesha mpaka Jumapili. Alihisi tumemvunjia heshima, na ninamwelewa. Aliificha ile habari kwa kumpenda mwanawe, si kwa kumchukia mkwewe. Lakini ukumbini picha iliwekwa mezani, na shemeji alipotambulisha ukoo alisema wazi, "Baba yetu alikuwa mtumishi wa nyumbani. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha." Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi alikuja kuitazama ile picha kwa karibu. Akasema baba yake yeye alikuwa mkata mkonge huko huko Kimamba, na kwamba wakata mkonge waliwaonea wivu waliovaa vizibao.

Nilichorudi nacho nyumbani

Nilirudi Morogoro na swali moja, na halikuhusu wanaume. Nyumbani kwangu yuko binti anayenisaidia kazi. Anaamka kabla yangu, anamlisha mwanangu ninapokuwa zamu ya usiku. Mbele ya wageni nilizoea kusema "msichana wangu wa kazi", nao majirani huita wa kwao "hausigeli". Jina analo, alipewa na wazazi wake, tena zuri. Je, hatujamvalisha kizibao cha boi bila kushona hata uzi mmoja? Tangu safari ile anaketi nasi mezani, na wageni nawatajia jina lake.

Mama mwenzangu, huenda nawe unacho kitu sandukuni ambacho ukoo wako unakionea aibu: aproni ya mama aliyepika hotelini, panga la baba aliyefyeka mashamba ya watu. Usikitupe. Watoto wako wakikikuta bila habari yake watakiona takataka. Waketishe uwaeleze kilinunua nini. Na kabla hamjachangia vitambaa vya harusi, tazameni ni nani katika nyumba anayengojea "baada ya harusi".

Mama mkwe wangu alipasuliwa jicho la kulia mwezi uliofuata, na la kushoto baadaye. Siku bandeji ilipotolewa aliomba mambo mawili: kuona sura ya mke wa mjukuu wake, na kuletewa kizibao. Alikishika mbele ya dirisha, akakigeuza huku na huku.

"Kumbe kimepauka hivi," alisema. "Miaka yote nilikuwa nakiona chekundu."